Siku Tuliyopimwa Pamoja

Vijana wa leo wakikosa kazi majuma mawili wanakaa mbele ya nyumba na kuilaani serikali, na mama zao wanawaletea bukari, ugali wetu, pale pale walipokaa. Siwacheki. Lakini wakati wetu, hapa Élisabethville, mtu asiye na kazi hakuwa na ruhusa hata ya kukaa mbele ya nyumba. Kazi ndiyo iliyokupa haki ya kulala katika cité, mitaa ya watu weusi. Ikiisha, ulihesabiwa siku, na siku zikiisha ulipewa tiketi ya treni ya kurudi kwenu, utake usitake. Wazungu waliwaita watu wa namna hiyo chômeurs. Sisi tukasema mashomeri, na mtu akilitamka neno hilo nyuma ya mgongo wako ulijua ni wewe.

Nilikuwa shomeri katika miaka ya krizi, shaba ilipokosa bei na makampuni yakaanza kufunga kazi moja baada ya nyingine. Nilikuwa seremala. Ufundi nilifundishwa na mapadri kule kaskazini, karibu na mto Lualaba, nikaja mjini nikiwa kijana mwenye kiburi, na randa na msumeno wangu mwenyewe. Nilitengeneza milango na madirisha ya nyumba za wazungu, nikaoa, nikapata mtoto wa kike. Asubuhi moja bwana wetu alitupanga mbele ya karakana, akamrudishia kila mtu buku yake ya kazi, akasema aksanti. Ndani ya buku yangu kulikuwa na muhuri mpya. Nilikuwa na mwezi mmoja tu wa kupata muhuri mwingine juu yake.

Mke wangu alizaliwa Kamalondo, mtaa ule ule tuliokaa. Wazazi wake walikuwa watu wa kusini, upande wa Mokambo, na baba yake alikuwa mwashi. Nyumba nyingi za matofali mjini mwetu zilipita mikononi mwake, naye alipenda kuzionyesha kwa kidole alipopita, ile, na ile, na ile yenye baraza. Aliposikia kwamba nimepoteza kazi, alituma maneno kwa shangazi ya mke wangu, nayo yakanifikia jioni ile ile: mimi nikirudishwa kaskazini, niende salama, lakini binti yake na mjukuu wake hawatapanda treni ile. Kule, alisema, hakuna hata mtu mmoja anayemfahamu wa kumlilia binti yake akifa.

Nilikasirika sana. Nilipiga ukuta kwa kiganja mpaka mtoto akaamka. Leo mimi mwenyewe nina mabinti, na ningesema maneno yale yale. Lakini siku ile nilielewa jambo moja tu, kwamba nisipopata muhuri kabla ya mwisho wa mwezi, nitakuwa mtu asiye na mke wala mtoto.

Hapa lazima niseme kidogo juu ya mambo ya buko, heshima kati ya wakwe, maana siku hizi mtu anakaa na baba mkwe wake kwenye baa moja na kugombania chupa. Kwetu, na kwao pia, mkwe ni mtu wa kuogopwa. Sikula naye. Sikumshika mkono. Nikimwona anakuja njiani nilikata kona, naye akiniona mimi kwanza, alikata yeye. Tukiwa na neno la kuambiana, alikuwapo mtu katikati, mara nyingi mke wangu, na neno lilipitia kwake hata kama sote watatu tulikuwa tunasikia. Wageni waliona ni chuki. Haikuwa chuki hata kidogo. Ilikuwa heshima, na mimi niliishika kuliko wengine kwa sababu nilioa mbali na kwetu na sikutaka kuonekana mshenzi. Juu ya yote hayo kulikuwa na katazo moja ambalo hakuna aliyelitaja, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba linaweza kuvunjwa: kuona uchi wa mkwe wako.

Basi nilianza kutafuta. Nilipita kwenye mageti ya makampuni, na kila geti jibu lilikuwa moja: hapa hatuandiki watu, nenda kwenye ofisi. Ofisi hiyo ilikuwa upande wa pili wa reli, nyumba ya bati yenye uwanja wa udongo mwekundu uliozungushiwa ukuta. Yenyewe haikuwa na kazi ya kumpa mtu. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wengine watu. Kampuni ikitaka wachimbaji, au viwanda vikitaka wapagazi, waliandika barua pale, na pale ndipo tulipochaguliwa. Kabla ya krizi ofisi iliwatuma watu wake vijijini kuomba wanaume, wakaenda hata na chumvi na nguo za kuwavuta machifu. Sasa tulikuwa tumejaa mlangoni mwao wenyewe tangu alfajiri, na walitufukuza kwa fimbo ili wapate nafasi ya kufungua dirisha.

Nilijifunza mambo pale ambayo mapadri hawakunifundisha. Mtu aliyekaa bila kazi viganja vyake vinalainika, na kapita, nyapara aliyesimama getini, alikuwa anashika viganja kabla ya kukuruhusu kuingia. Kwa hiyo tulivisugua kwa kipande cha tofali. Tena kulikuwa na mizani. Daktari alikuwa na kipimo chake cha kilo na cha kifua, na njaa ilikuwa imetupunguza, basi siku ya kupimwa watu walikunywa maji mpaka matumbo yakajaa, wakangoja hivyo hivyo bila kwenda kujisaidia. Niliwaona wanaume wazima wenye watoto wakikaza miguu na kutokwa na machozi. Nami nilifanya hivyo mara mbili. Mara ya kwanza walitaka wapagazi wenye mabega mapana kuliko yangu. Mara ya pili karani alifunga dirisha nikiwa mtu wa tatu.

Karani huyo alikuwa mngwana wa upande wa Kasongo, mwenye shati jeupe na Kiswahili kizuri kilichonifanya nione haya kufungua kinywa. Hakuwa mtu mbaya. Nilipomrudia mara ya tatu aliniambia kwamba Jumatatu watataka waashi na maseremala, watu kumi na wawili, kwa kujenga nyumba za wafanyakazi. Nilirudi nyumbani nikikimbia. Mke wangu alikopa unga kwa jirani, akanipikia bukari nzito na sombe, majani ya muhogo, usiku wa Jumapili, akanikatalia kumwachia hata tonge moja, ati kilo ni zangu.

Jumatatu tulikuwa wengi mno. Kapita alishika viganja, akatuingiza uwanjani makundi kwa makundi, watu kumi kumi. Kila mtu alipewa namba kwenye kibati. Kundi letu liliwekwa kwenye ukuta wa kushoto, kundi lingine lilikuwa tayari kwenye ukuta wa kulia, na katikati ilikaa mizani, daktari kwenye kiti chake, na karani akiwa na orodha.

"Toeni manguo!" karani akapaza sauti. "Yote, yote! Hapa hakuna bibi. Mficha uchi hazai!"

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha kuomba. Nikavua shati, nikavua kaputula, nikavikunja na kuviweka miguuni. Mtu akiwa uchi kati ya watu wengi hajui aangalie wapi. Mimi niliangalia mbele, ng'ambo ya uwanja, kwa kundi la pili. Mtu wa nne kutoka mwisho alikuwa baba mkwe wangu.

Kwanza sikuamini, kwa sababu baba mkwe alikuwa na kazi. Kila asubuhi alipita kwenye avenue yetu na mwiko wake na pima-maji chini ya kwapa, na mke wangu alikuwa akisema juu ya baba yake, ona tata anaenda. Kumbe alikuwa anaenda kama mimi, mlango kwa mlango. Alikuwa ameficha hata kwa mkewe. Alisimama pale na mikono mbele yake, mbavu zikihesabika, goti moja limevimba, tumbo limejaa maji kama langu. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba ni mzee. Njiani siku zote nilimwona mgongo tu, ndani ya koti.

Akainua macho. Tukaonana.

Sitaki kupamba. Niliogopa, niliona haya, na zaidi ya vyote nilimwonea huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko haya, kwa sababu mtu hana haki ya kumwonea huruma mkwe wake. Niligeukia ukuta. Nilisikia wakianza kuita namba kutoka kundi lao, moja baada ya nyingine, na kila aliyeitwa alitembea mpaka katikati, mbele ya macho yetu sote. Nikafikiri: akiitwa, atapita hapa nami nipo. Nikiitwa mimi, nitapanda mizani mbele yake. Kama mmoja wetu hatatoka, hakuna atakayeweza kurudi nyumbani na kumtazama mwanamke yule anayetuunganisha. Na yeye ndiye mkubwa. Aliyetakiwa kutoka ni mimi.

Nikachukua nguo zangu. Nilivaa kaputula nikitembea, nimeinama karibu na ukuta, kapita akanishika bega getini. "We, unaenda wapi? Ukitoka unakatwa." Nikamwambia tumbo linaniuma. Kibati changu alikirusha kwenye ndoo. Nilivuka reli, nikakaa juu ya mataruma yaliyorundikwa pale, nikalia kama mtoto. Lakini ndani ya kilio kile, nikiri, kulikuwa na kujisifu kidogo. Nilijiambia kwamba nimemwachia mzee kazi, na hata akimchukua mke wangu, atajua amemchukua kwa mtu wa namna gani.

Sikumwambia mke wangu kitu. Nilisema wamejaza nafasi. Kabla jua halijatua mama yake alimwita, na aliporudi alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, hakuingia.

"Baba ya mutoto," akasema, "njo nini mulifanya kule ku bilo, ku ile ofisi, yeye na weye?"

"Nani na mimi?"

"Tata. Mama anamukuta analala na manguo, anakatala kukula. Njo anamuambia yote. Kazi yake iliishaka tangu mwezi mbili. Leo alienda ku bilo, alikuona, akatoka."

"Hakutoka," nikasema. "Mimi ndiye niliyetoka. Nilimwachia yeye."

"Alitoka, mi nakuambia! Weye uligeuka ku ukuta, yeye akabeba manguo yake akapitia ku mulango ya nyuma. Anasema alikuachia njia, juu uko na mutoto mudogo."

Aliniangalia, mimi na ule utoto ulio ndani yangu, sijui namna gani nyingine ya kusema. Halafu akaanza kucheka, kicheko kisicho na furaha hata kidogo, akakaa chini kizingitini akacheka mpaka kikageuka kilio. Namba mbili zilikatwa asubuhi ile, na nafasi zetu zilichukuliwa na watu wawili ambao wakwe zao walikuwa mbali. Hakuna mzungu aliyejua kwa nini. Labda karani alidhani tulikuwa na ugonjwa.

Nilimtuma mke wangu arudi kwao kesho yake asubuhi. Karani alikuwa amesema wengine watatu wataandikwa Alhamisi, na baada ya hapo basi. Nikasema: mwambie baba yako aende yeye. Mimi sitakwenda. Ninaapa.

Jibu lilikuja kabla ya saa sita.

"Anasema yeye kazi yake anayo," mke wangu akasema, macho chini. "Anasema kule ku bilo alienda tu kutafuta rafiki."

"Lakini kila mtu anajua sasa."

"Njo vile anasema. Na anasema Alhamisi uende. Yeye hatakuwa kule."

Nilimjua mzee kwa maneno ya kupitishwa tu, lakini nilijua kwamba neno lake likishapitishwa halirudi. Siku zangu zilibaki tatu. Nilikwenda. Sitasema nililazimishwa, kwa sababu sikulazimishwa. Nilitaka mke wangu na mtoto wangu, nikaacha kuuliza mambo mengine.

Alhamisi nilivua nguo nikizungusha macho kwenye kuta zote mbili kabla ya kufungua kifungo cha kwanza. Hakuwapo. Waliponiita nilikwenda katikati, nikapanda mizani, daktari akaninyanyua kidevu, akagonga kifua, akaandika alama begani mwangu kwa kalamu ya zambarau. Karani akapiga muhuri kwenye buku yangu. Kelele ya muhuri ule naisikia hata leo, ilikuwa ndogo mno kwa jambo kubwa hivyo. Nilikimbia mpaka Kamalondo nikiwa na alama bado begani, nikimwonyesha kila niliyekutana naye kama mjinga.

Nilimkuta mke wangu akitwanga mahindi. Alitazama muhuri, akasema vizuri, akaendelea kutwanga. Nikamwuliza anamtwangia nani unga wote ule.

"Tata na mama banaenda kesho," akasema.

Jumatano, siku moja kabla ya kupimwa kwangu, baba mkwe alivaa koti lake, akaenda kwa bwana wa cité, akaweka buku yake mezani, akaomba mwenyewe kupigiwa muhuri wa kurudi. Hakungoja zamu yake. Wengine walikuwa wakijificha kwa ndugu, wakilala leo hapa kesho pale, wakapata mwezi, wakapata hata mwaka. Angeweza kufanya hivyo. Lakini aliniona kwenye ule ukuta, akafahamu kwamba wakati yeye yuko mjini akitafuta kazi, mimi sitaingia uwanjani kwa moyo mmoja, na yeye vile vile. Ilibidi mmoja wetu asiwe shomeri wa Élisabethville tena. Aliondoa jina lake.

Nilimwambia mke wangu nitakwenda stesheni kuwaaga. Akaweka mchi chini.

"Anasema usiende. Njia ya gare iko moja, mutakutana."

Nilikwenda. Ijumaa asubuhi treni ya kusini ilikuwa imesimama; wazee wangeshuka njiani halafu watembee kwa miguu upande wa Mokambo, kwenye mashamba ambayo mzee aliyaacha akiwa kijana na ambayo hayakuwa na hata nyumba. Karibu na behewa lao kulikuwa na magunia ya mahindi yaliyopangwa juu kuliko mtu. Nilisimama nyuma ya magunia. Nilimsikia mama mkwe akilia taratibu na kumwimbia mjukuu. Nilimsikia mzee akipanga vyombo vyake vya uashi, chuma kwa chuma, ndani ya kikapu.

Alijua nipo. Sijui namna gani, labda mke wangu aliangalia upande wangu. Akamwita binti yake kwa sauti kubwa, kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyesimama mbele yake.

"Mwana," akasema, "ule mwenye haiko hapa, umuambie neno yangu. Umuambie, siku ile ku bilo, mi sikuona kintu."

Mke wangu akageuka akayatazama magunia, akangoja. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: neno limepitishwa, na sasa ilikuwa zamu yangu kulijibu. Kulikuwa na jibu moja tu, na kila mtu pale alilijua, hata mama mkwe aliacha kuimba. Nilitakiwa kusema, naye mwambie kwamba mimi pia sikuona kitu. Basi. Angepanda treni akiwa na koti lake mwilini.

Lakini nilikuwa nimeona. Mbavu, goti, mikono ile iliyojenga nusu ya mji ikifunika uchi wake mbele ya mizani. Mimi tangu utoto nilifundishwa na mapadri kwamba uongo ni dhambi, nikasimama pale nikitafuta neno la kweli la kumpa, kana kwamba aliniomba ukweli. Filimbi ikalia. Nilimsikia akingoja bado. Halafu nikasikia mguu wake mbaya ukipanda ngazi ya behewa, na mlango ukafungwa.

Alikufa kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata. Mke wangu alipokea habari, akalia siku zake zote za kulia, na hakunilaumu hata mara moja. Ila siku moja, miaka mingi baadaye, tukiwa tunakula, aliniuliza kwa nini siku ile sikujibu. Nikamwambia sikupata neno.

"Ulikuwa nalo," akasema.